Pagazi wa Rumonge

Mama Dainess alinifuata ofisini Kigoma siku ya Jumatano, akiwa ametoka Ilagala alfajiri. Alikataa kiti. Alisimama karibu na mlango, mahali ambapo angeweza kuiona barabara, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ile kanda nirudishie."

Sikumwelewa. Wiki mbili kabla ya hapo nilikaa naye ufukweni nikamrekodi saa nzima huku akigeuza dagaa wake. Nilikuwa karani wa mradi mdogo wa kumbukumbu. Tulikusanya habari za vita ya Wajerumani na Wabelgiji kutoka kwa watoto na wajukuu wa watu waliobebeshwa mizigo. Wengi walinijibu kwa sentensi tatu. Yeye alisimulia kama mtu aliyengoja miaka mingi aulizwe. Babu yake ndiye aliyemlea. Mwaka 1916, akiwa kijana, babu huyo alikamatwa, akafungwa kamba kiunoni pamoja na wenzake, akatwishwa sanduku la risasi hadi Tabora. Alirudi na nundu begani, ngumu kama goti, na mpaka anakufa hakuweza kulalia ubavu wa kulia. Mjukuu ndiye aliyekuwa akimkanda kwa mafuta ya mawese.

"Kanda ina kosa gani, mama?"

"Nilitaja alipokamatwa."

Rumonge. Nilikuwa nimeliandika jina hilo daftarini na kulipigia mstari kwa furaha, maana watu wachache walikumbuka mahali. Mimi ni mtu wa Machame. Nilikuwa na miezi minane Kigoma tangu nimalize chuo kikuu. Kiha na Kirundi masikioni mwangu vilikuwa lugha moja, na Rumonge ilikuwa nukta kwenye ramani ya ziwa. Sikujiuliza nukta hiyo iko upande gani wa mpaka.

"Nilivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, tukikimbia mauaji," alisema, macho yake barabarani. "Jina langu la kweli ni Inamahoro. Skolastika ni jina alilonipa marehemu mume wangu, akawaambia watu kwamba ameoa Muha wa Heru, upande huu wa mpaka. Hata binti yangu Dainess hajui. Na jana lori limefika Simbo."

Habari za malori tulizijua sote. Ulikuwa mwaka 1997, na askari walikuwa wakiwakusanya Warundi walioishi vijijini na kuwapeleka kambini, hata waliokwisha kupata wajukuu hapa. Dainess alikuwa na watoto wawili huko Gungu, mjini Kigoma. Mdogo alikuwa bado anatambaa.

Nilimwahidi kanda yake. Ilikuwa ahadi ya mtu mwoga. Utaratibu wa mradi ulitaka kila simulizi ichezwe mbele ya wanakijiji wenyewe, wasikilize, kisha wanyooshe mikono kuthibitisha. Ilagala walikuwa wamepangiwa Jumamosi, na mkuu wetu, Mzee Crispin, alikuwa tayari ameichagua kanda ya Mama Dainess iwe ya kwanza.

"Sauti yake si nzuri, Mzee," nilimwambia. "Kuna upepo."

Aliitia kwenye redio, akasikiliza, akanitazama juu ya miwani. "Aikande, masikio yako yana nini? Hii inalia kama kengele ya kanisa."

Sababu ya kweli sikuweza kumpa bila kumtaja mama. Usiku wa Ijumaa sikulala.

Jumamosi watu walijaa kwenye viti vya shule mbele ya ofisi ya kijiji. Mtendaji wa kata alikaa mbele, mgambo mmoja pembeni yake. Mama Dainess alikaa safu ya mwisho, amejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso. Asingekuja, angeulizwa kwa nini hakuja.

Mimi ndiye niliyeshika redio. Kanda ilipokaribia mahali pale niliipunguza sauti kidogo kidogo. Mzee Crispin aliinama akaipandisha. "Walio nyuma hawasikii!"

Basi ikatoka, safi kabisa: babu yangu walimkamata Rumonge, asubuhi, akiwa anapanda maharage.

Mtendaji aliinua mkono. Nilizima.

"Rumonge?" alisema. "Rumonge si Burundi ile?"

Mgambo aligeuka kutazama safu za nyuma. Mimi niliitazama ndala yangu, nikiona ile orodha ya maswali niliyoiandika kwa mkono wangu: lini, wapi, nani.

Aliyeinuka ni Mwinshehe, mchuuzi wa dagaa na jirani wa Mama Dainess, mtu ambaye hakuwa amesalimiana naye kwa miaka miwili.

"Mheshimiwa, kwani chumvi ya Uvinza ilikuwa inauzwa wapi? Mbinguni?"

Watu wakacheka.

"Wazee wetu walipeleka chumvi Rumonge. Huyo babu alikuwa mchuuzi, vita ikamkuta hukohuko. Marehemu baba yangu walitembea naye hadi Tabora."

"Na maharage?" mtendaji aliuliza.

"Ukikaa ugenini miezi mitatu hutapanda hata maharage? Mheshimiwa, kijiji kizima kinajua mimi na huyu mama hatupikiki chungu kimoja. Nimtetee kwa lipi?"

"Mwinshehe hamsemei mtu bure!" sauti moja ilidakia, na kicheko kikaongezeka. Mikono ikanyooshwa, mmoja mmoja, kisha mingi.

"Andika, Aikande," alisema Mzee Crispin. "Mchuuzi wa chumvi."

Niliandika.

Mtendaji alifunga daftari lake polepole. "Jumatatu nitapita kwako, mama, unipe habari kamili."

Watu walipotawanyika nilimfuata ufukweni. Mwinshehe alikuwa amekwisha kwenda zake bila kumtazama. Mama Dainess alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, akigeuza dagaa waliokwisha kukauka.

"Mwinshehe sasa anajua siri yangu," alisema. "Ataniomba nini?"

Nilifungua daftari langu.

"Nisomee ulichoandika."

Nikamsomea. Akataka tena. Mara ya tatu alifumba macho na kusema mwenyewe: babu yangu alikuwa mchuuzi wa chumvi, alikwenda Rumonge, vita ikamkuta huko. Nilijifanya mtendaji.

"Kwao ni wapi?"

Alisita. "Heru."

"Usisite, mama. Nundu ilikuwa bega gani?"

Alifumbua macho. "La kulia. Hiyo usinifundishe."

Kutoka upande wa kivuko kulisikika gari zito likipanda mlima. Tulingoja mpaka mlio ukapotea. Kisha nikamwambia aanze upya. Alipofika mahali pa kutaja kwao, akasita tena.