Mama Msasa na Gari la Wifi

Jina la Mama Msasa halikutoka kwa wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake wa umeme wa magari, waliomcheka kwa sababu hafungi waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, bila kwanza kukwangua rangi mpaka bati ling'ae. Kipande cha msasa hakikosi mfukoni mwake. Hata kwenye harusi ya jirani kilionekana kikichungulia ndani ya pochi, pembeni ya kitambaa cha jasho. "Umeme haupiti kwenye rangi," huwajibu, na hana la kuongeza.

Kwa kazi ya namna hiyo, gari kumrudia kwa ethi mbaya lilikuwa jambo asilolijua. Likaja kumrudia moja, na kwa bahati yake njema likawa la wifi yake.

Wifi huyu ni dada mkubwa wa mumewe, mwalimu wa chekechea, mpole kwa watoto wa watu na mkali kwa wake za kaka zake. Mama Msasa alimwogopa tangu siku aliyoolewa. Mama mkwe humsikiliza binti yake kuliko redio, na binti hakuwahi kumpa mke wa mdogo wake kazi hata ya kubadilisha balbu. Kwa hiyo wizi wa magari ulipozidi mtaani, wifi akaja na king'ora kikiwa bado ndani ya boksi na kusema, "Nifungie wewe," Mama Msasa nusura acheze.

Siku ya kufunga, wifi alisimama mlangoni mwa gari, mikono kiunoni. Lilikuwa gari la mtumba, ila rangi mpya kabisa, kijani kibichi cha kuumiza macho. Fundi alipotoa msasa tu, akasikia, "Chonde, wifi! Usinikwaruzie gari langu."

Akaurudisha mfukoni. Alikaza bolti juu ya rangi kwa nguvu zake zote, akajiambia kwamba meno ya bolti yatapata bati huko ndani. King'ora kikalia, milango ikajifunga, wakashukuriana kama watu waliopendana siku zote.

Wiki haikuisha. Wifi alirudi akiwa amevutwa kwa kamba nyuma ya pikapu ya jirani.

"Wifi, hili gari limeingiwa na pepo, au mwenye pepo ni fundi?" aliuliza kabla ya salamu. "Nikiwasha taa, king'ora kinalia. Nikipita kwenye shimo, milango inajifunga yenyewe. Leo haliwaki kabisa, na watoto wa watu wananisubiri darasani. Lisipopona sasa hivi, king'oe hicho king'ora, nitampelekea fundi mwingine. Na mama nitamwambia kwamba nilikujaribu."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomkata maini. Kujaribiwa mara moja, baada ya miaka yote ile, na kushindwa.

Alianza na betri, ilikuwa nzima. Fyuzi nazo nzima. Akachomoa king'ora na kuurudisha waya wa kuwashia gari, aliokuwa ameupitisha humo, kama ulivyokuwa zamani. Gari likawaka papo hapo, na hapo akajua kwamba ubovu uko kwenye kazi ya mikono yake. Akafungua maungio yote ya waya, moja baada ya jingine, akayavuta, akayakagua, akayafunga tepu upya. Hayakuwa na kosa. Wifi, aliyekaa kwenye ngazi ya gereji, alidhani anamtazama fundi makini. Alikuwa anamtazama mtu anayetafuta kila mahali isipokuwa pale anapopajua.

Mwishowe alichukua taa ya kupimia, akabana waya wake mmoja kwenye chanya ya betri na kugusisha mwingine kwenye ile ethi. Taa iliwaka kwa uvivu, nyekundu nyekundu. Akagusa bati tupu chini ya zulia: ikawaka nyeupe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na dawa ilikuwa rahisi: ahamishie waya pale chini ya zulia, aseme betri ilichafuka, wifi aondoke akimsifu. Nani angejua? Aliushika ule waya muda mrefu, kisha akauachia.

"Wifi, njoo uone," akasema. "Hapa palitaka kukwanguliwa rangi. Sikukwangua."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilijua."

"Ukajua, ukanyamaza?"

"Nilikuogopa."

Wifi akajishusha taratibu kwenye kiti cha dereva, miguu nje.

"Nilipokuwa kwa mume wangu," alisema, "hata mapazia alichagua yeye. Hili gari nilipolipeleka kwa wapaka rangi wakaniuliza, mama, unataka rangi gani? Sikuwahi kuulizwa. Nilisimama pale nikalia." Akanyoosha mkono. "Nipe huo msasa."

Alikwangua mwenyewe, polepole, akipuliza vumbi la kijani, mpaka bati likang'aa. Mama Msasa akafunga waya, akapima. Taa ikawa nyeupe. King'ora kikarudishwa, gari likawaka, taa zikawashwa na kuzimwa, na hakuna kilicholia.

"Panda mbele," wifi alisema. "Nikishawaona watoto tutapita kwa mama. Nitamwambia mwenyewe nani aliyemzuia fundi kufanya kazi yake."

Mama Msasa alitazama mikono yake iliyojaa grisi, akaanza kutafuta kitambaa kabla ya kugusa mlango ule wa kijani.

"Shika tu, wifi," akaambiwa. "Shika tu."