Magunia ya Alizeti Juu ya Chuma

Miaka yote nimepaua kwa mbao, na ubishi sikuuanza jana. Kijijini Issuna walipoamua paa la darasa jipya lishikwe na kenchi za chuma chembamba, kile kinachokunjwa kikiwa baridi, sikumuuliza mtu. Palipotakiwa vipande viwili vikaliane, nilipitisha grainda nikaondoa ule ukingo uliokunjwa, kama ninavyochimba mbao kwa patasi ili mwenzake aingie. Vilikaa vizuri mno. Kenchi nne zikapanda ukutani.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mama mkulima wa alizeti, alikuja akakigeuzageuza kipande nilichokwisha kukikata ukingo, kilichobaki chini.

"Fundi, hiki kibati ndicho kitabeba paa?"

"Mwenyekiti, chuma ni chuma."

"Basi tukibebeshe tuone."

Nilikasirika, tena mbele za watu. Akaagiza magunia yake ya alizeti kutoka nyumbani. Tulikilaza chuma juu ya matofali, huku na huku, tukaanza kupakia. Gunia la kwanza, la pili. Mimi nimekunja mikono natabasamu. La tatu lilipokaa, chuma kilipinda ubavu pale pale nilipopitisha grainda, kikajikunja, magunia yakaporomoka.

Tukaweka kingine ambacho sijakigusa. Kilibeba matatu, kikabeba na la nne. Ndipo nikaelewa kwamba ule ukingo ndio unaokikaza chuma chembamba kisijikunje, na mimi nimeukata kwa mkono wangu, kenchi baada ya kenchi.

Niliinua macho nikazitazama zile kenchi nne ukutani. Binti yangu alikuwa anaanza darasa la kwanza Januari, humo humo.

Yule mama angeweza kunitangaza kijiji kizima, na angekuwa na haki. Alisema tu, "Kunywa uji kwanza, fundi, ndipo uzishushe." Nilizishusha zote nne siku ile ile, nikatengeneza upya bila kukata ukingo hata mmoja. Kila kenchi tuliipakia magunia kabla ya kupanda, na safari hii niliyaomba mwenyewe.

Binti yangu yuko darasa la tano sasa. Yule mama ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, kwa hiyo tukikutana gulioni ni yeye anayenipa shikamoo. Naitikia marahaba kwa sababu ndivyo ilivyo desturi, lakini moyoni mimi ndiye ninayemwamkia.