Dereva wa Vioo na Safari ya Dada Yake

Kwa miaka ishirini na saba alisafirisha vioo vya madirisha kutoka kiwandani hadi mji ulioko mwisho wa barabara kuu, na hakuwahi kufikisha kilichopasuka. Wenzake walimwita Polepole, na hawakuwa wakimsifu. Madereva wengi hujigamba kwa kuwahi. Yeye alijigamba kwa kufika. Kila baada ya saa moja alisimama mahali tambarare, akazunguka lori, akavuta kila kamba na kugonga kila kabari iliyobana mzigo. Na kwa kuwa anayesimama huona mengi kuliko anayepita mbio, alijua ni wapi mwamba unarudisha sauti, wapi garimoshi hupita juu ya daraja saa nne kasoro robo, na wapi shamba la alizeti huwaka njano hadi upeo wa macho.

Alipostaafu alinunua gari dogo, na abiria wa kwanza aliyemtaka ni dada yake mkubwa.

Dada alikuwa fundi cherehani. Tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga hakuwa ametoka nje ya lango lake ila kwenda hospitali, na hata baada ya daktari kumruhusu kusafiri aliogopa barabara kuliko kisu. Lakini huko mwisho wa barabara mwanawe alikuwa amepata mtoto wa kwanza. Mtoto alifikisha miezi mitano, na bibi alikuwa hajamshika. Alimwona kwenye simu tu.

"Akishaanza kutembea atakuja mwenyewe," alisema.

"Kwa miguu? Dada, hebu acha. Twende. Kila saa tunasimama, tena mahali pa kufurahisha. Nayajua yote."

Dada alimkazia macho. "Kwa sharti moja. Nikisema rudi, unarudi. Hakuna kunibembeleza."

"Nimekubali."

"Apa."

"Siapi. Nimeshasema."

Asubuhi ya safari alimpakia kwa namna aliyoijua. Alimweka kwenye kiti cha mbele, akamchomekea mto kushoto, mto kulia, blanketi iliyokunjwa nyuma ya kiuno na mto mwingine magotini, kisha akavuta mkanda mpaka ukalia. Alimtikisa bega kidogo. Dada hakusogea.

"Safi kabisa," alisema Polepole. "Huendi popote."

"Wewe ndiye unayejua safari," alijibu dada.

Kituo cha kwanza kilikuwa daraja la reli. Garimoshi lilipita kwa wakati wake, na dada akalipungia mkono kupitia dirishani kama msichana wa shule. Kituo cha pili kilikuwa ule mwamba. Polepole alishuka, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti: "Dada amezeeka!" Mwamba ukaitikia: "Amezeeka! Zeeka!"

"Hata mawe ya huku hayana adabu," alisema dada, na akacheka mpaka machozi.

Hakushuka, ingawa. Kumtoa kwenye ile mito kulikuwa kazi ya robo saa.

Walipita uwanja uliojaa wanyama wa saruji. "Hayo madude usinisimamishie," alisema dada. Walipofika kwenye alizeti, shamba lilikuwa limeshavunwa. Mabua matupu yalisimama kwenye vumbi. Dada hakuyatazama. Nyonga ilikuwa inamuuma kama jino, na jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Rudi," alisema.

Mtu mwingine hapo angetaja njia iliyobaki, au mtoto, au mafuta yaliyokwisha kuchomwa. Hiyo ni tabia mbaya, kutoa ahadi na kuijadili siku inapodaiwa. Polepole aliwasha taa ya kukunja kona, akageuza gari.

Baada ya nusu saa dada alisema, "Simama. Popote. Siwezi tena."

Popote palikuwa kwenye madude ya saruji. Mwenye uwanja, mzee mwenye kofia ya karatasi, alikuja na kumkuta Polepole akichomoa mito mmoja baada ya mwingine.

"Mama amevunjika?"

"Hapana. Mito ni ya kumzuia asitikisike."

"Saruji yangu ndiyo haitaki kutikiswa, bwana. Mtu akibanwa hivyo tangu asubuhi atakakamaa hata awe mwanasarakasi."

Polepole alibaki ameshika mto. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepasua kioo chake cha kwanza.

Dada alijikongoja kwa fimbo yake, hatua tatu, kumi, ishirini. Palikuwa na kiboko mkubwa aliyeachama, na ndani ya kinywa chake benchi refu lililoinuliwa. Akaketi hapo, akageuka huku, akageuka kule. Maumivu yakaanza kulegea.

"Na huyu twiga," alimuuliza mzee, "mbona shingoni ni nondo tupu?"

"Saruji iliniishia, mama. Lakini watoto wanasema ndiye mzuri kuliko wote."

Dada aliangua kicheko ndani ya kinywa cha kiboko. Kisha akamtazama mdogo wake, aliyekuwa bado amesimama na mto wake.

"Ulinifunga kama dirisha, wewe mtoto."

"Nisamehe, dada. Sijui kupakia kitu kingine."

"Lakini uligeuza nilipokwambia." Akaishika fimbo yake. "Haya. Mito yote nyuma. Twende nikamwone mjukuu wangu."

"Sharti lilikuwa kurudi tu. Hatukusema habari za kwenda tena."

"Usinichokoze!"

Kuanzia hapo vituo alichagua dada. Alishuka kwenye kila kilima chenye upepo, akasimamisha gari kwa ajili ya bata wanaovuka, na akataka picha kando ya kibao kilichoandikwa kuwa hairuhusiwi kupiga picha. Mwanawe alipiga simu mara tano. "Mjomba, mko wapi?" Mara zote tano jibu lilikuwa moja: "Tumesimama."

Walifika jua likizama. Dada alitembea kutoka garini hadi sebuleni, akaketi, akanyoosha mikono, na mtoto akawekwa humo. Mtoto alimkagua bila haraka, kisha akamkamata pua kwa ngumi nzima na kuivuta.

Mke wa mwanawe aliharakisha kuutoa mkono ule.

"Mwache avute," alisema bibi. "Nimetoka mbali."