Bip Moja Ameshinda, Bip Mbili Ameanguka

Mashabiki wa sumo katika Johannesburg nzima tulikuwa wawili, na kwa maoni yangu tulitosha. Wa kwanza mimi, mlinzi wa jengo la ofisi Marshalltown. Wa pili fundi cherehani wa Kirundi aliyekuwa na kibanda ubavuni mwa jengo letu. Hatukuuchagua mchezo huo, ulituchagua. Televisheni ya mapokezi ilikwama kwenye chaneli ya Wajapani, rimoti ikapotea, na wakubwa wakaunda kamati ya kuitafuta. Hadi 2018 kamati ilikuwa bado inakaa vikao.

Basi asubuhi, wakati kule kwao jioni inaingia, tuliwatazama wanaume wenye uzito wa friji mbili wakisukumana nje ya duara. Mashindano ni siku kumi na tano, na kila mtu ana pambano moja kwa siku. Ukishinda nane, heshima yako iko palepale. Ukiishia saba, unashushwa. Hakuna rufaa wala mjomba wizarani.

Tulimshabikia mzee mmoja wa mkiani mwa daraja la juu, goti lake limefungwa bandeji nene kama godoro. Alikuwa akishindwa kwa adabu sana. Anaanguka, anainuka, anainama, anaondoka.

“Huyu ni sisi,” fundi alikuwa akisema. “Ila sisi hatulishwi.”

Shida ilikuwa Jumapili. Mashindano humalizikia Jumapili, na Jumapili mimi sikuwa mlinzi, nilikuwa mtu. Kanisani kwetu, kwa ndugu Wakongomani, mchungaji alihubiri kwa Kiswahili cha Lubumbashi nami nikasimama kando yake nikitafsiri kwa Kiingereza, kwa ajili ya watoto waliozaliwa hapa. Wanakielewa Kiswahili pale tu kinapotaja chakula. Kiingereza changu nilikisotea shule ya jioni, nikakihitimu nikiwa na miaka thelathini na nne, na kile kipaza sauti ndicho kilikuwa cheti changu halisi. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye siku za kazi aliwaambia wenzake kwamba baba yake “yuko kwenye ofisi”, Jumapili alikaa benchi la mbele akinitazama kama waziri.

Sasa, mara mbili nilikuwa nimeomba udhuru kanisani kwa sababu ya zamu. Zamu zenyewe nilijitolea, ili nitazame siku ya mwisho ya mashindano. Wazee wa kanisa si wajinga.

“Papa Mtafsiri,” mmoja wao aliniambia, “tunakupenda sana. Lakini kuna kijana amemaliza chuo kikuu, na yeye Jumapili hana zamu. Kosa la tatu, tunamwita.”

Na ndipo mzee wetu wa bandeji akafika siku ya mwisho akiwa ameshinda saba na kushindwa saba. Pambano lake lingeangukia saa tatu na kitu, mchungaji akiwa ndiyo kwanza anapata moto.

Fundi ni Mwislamu, Jumapili yake ni nyeupe. Mlinzi wa zamu angemruhusu kukaa mapokezi. “Nibip,” nikamwambia. “Simu itakuwa mfukoni mwa shati, inatetemeka tu. Bip moja ameshinda, bip mbili ameanguka.”

“Si nikutumie ujumbe basi?”

“Nitausomaje madhabahuni, kaka? Niuombee kwanza?”

“Sharp,” akakubali kwa lugha ya mtaa wa huku. Mpango mzuri kiasi kwamba majeshi mengine yangeuazima.

Jumapili hiyo somo lilikuwa Ayubu. Mchungaji alishusha sauti, machozi karibu: “Wakaja wezi, wakachukua ng'ombe wote.” Mfuko wangu ukatetemeka. Mara moja. Nikasubiri pumzi tatu, kimya. Ameshinda. Nikawatangazia watoto kuibwa kwa ng'ombe wa Ayubu kwa sauti ya mtu aliyeshinda gari. Punda nikawapeleka kwa ngumi hewani. Nyumba ilipowaangukia watoto wake, nilikuwa natabasamu hadi magego yanapigwa upepo.

Mchungaji alinitazama. Akaamua, nadhani, kuwa ni Roho, akaruka hadi mwisho wa kitabu: “Lakini Bwana akamrudishia Ayubu mara mbili!” Kanisa likasimama. Mfuko ukatetemeka tena.

Bip mbili.

Nilijaribu, Mungu shahidi. Lakini ile “mara mbili” ilinitoka kama tangazo la msiba. Kondoo elfu kumi na nne niliwatafsiri nikifuta macho kwa tai. Ngamia sikuwafikia, sauti ilikatika. Mtoto mmoja akauliza kwa nguvu kama Ayubu amekufa.

Baada ya ibada nilijificha nyuma ya ngazi, nikatoa simu. Simu mbili ambazo hazikupokelewa. Moja ya fundi. Moja ya mama yangu, Kigoma. Mama hunibip kila Jumapili akitoka kanisani, ili nimpigie mimi, tangu nihamie nchi hii. Hata mara moja hajaacha. Nimezijua sheria zote za sumo, nikamsahau mama mzazi.

Nikampigia fundi. “Umesema moja,” akajibu, amechukia. “Nimebip moja. Amemsukuma yule mkubwa mpaka kwenye mapaja ya watazamaji. Ulitaka nishone na barua?”

Wazee walikaa dakika tano, wepesi kuliko kamati ya rimoti. Walisema kosa la tatu si lazima liwe la kutokuwepo. Kijana wa chuo kikuu akapewa kipaza sauti, nami nikapewa koti la kung'aa nilinde magari ya waumini. Mzee wa bandeji alibaki juu, mimi nikashushwa. Nikainama mbele ya wazee, nikaondoka. Angalau nilijua inavyofanywa.

Jumapili iliyofuata binti yangu alitoka katikati ya mahubiri, akaja kusimama nami kati ya gari mbili. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba huyu mpya anatafsiri vizuri tu, ila kwake hakuna anayekufa. Kisha akaelekeza kidevu kwenye mfuko wa shati langu, maana nilishamsimulia kisa chote, na kuuliza, kwa Kiswahili kilichopindapinda, “Leo, yule mnene anacheza?”

Nilikuwa na Jumapili nzima, simu mkononi, hakuna mzee wa kanisa wa kuniuliza. Mashindano yanayofuata yalikuwa baada ya wiki tano.

“Bado,” nikamwambia. “Tumpigie bibi.”