Mama Shoka na upinde uliokataa haraka

Saa moja na nusu asubuhi. Mama Shoka ana shoka begani, gogo miguuni na jibu mdomoni.

“Upinde ni nini, mwalimu? Si ukuni uliotiwa kamba? Nipe mpaka chai ipoe.”

Mbele yake amesimama mwalimu wa michezo wa sekondari ya jirani, mkononi ana karatasi mbili zenye michoro. Juu ya ndoo iliyogeuzwa kuna kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Nyuma ya uzio wa mabati mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Vitanda, anasimamisha randa ili asikose neno.

Shoka linashuka. Gogo linafunguka kama kitabu.

Chai hiyo, msomaji, ilipoa. Na ya kesho yake ikapoa. Ziliendelea kupoa kwa wiki tano, na katika muda huo pinde tatu ziliishia jikoni.

Mama Shoka ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kupasua kuni. Kwa siku anauza matita arobaini, mengi kwa mwenye tanuri la mikate, na pesa ya tita moja haifikii bei ya mkate wenyewe. Mwandishi wa makala haya alikuwa amefika pale kuandika juu ya mwanamke anayeishi kwa shoka. Alijaribu kupasua gogo moja ili aonje kazi. Shoka likanasa, yeye akaning’inia kwenye mpini.

“Acha, mwanangu,” Mama Shoka alimwambia. “Unalitia gogo huruma.”

Lakini mwalimu hakuja kwa mchezo. Binti wa nyumba hiyo, anayeitwa Kijiti kwa wembamba wake, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na ndiye mlenga shabaha hodari kuliko wote shuleni. Upinde wa shule uliomfaa ulikuwa umepasuka. Mashindano ya vijana yalikuwa yamebaki wiki tano. Washindi wawili wa kwanza hupelekwa kwenye kambi ya mafunzo na kulipiwa ada ya chuo kwa miaka miwili.

“Kanuni inasema asiye na upinde wake hasajiliwi,” alieleza mwalimu. “Upinde wa dukani ni mapato ya huyu mama ya miezi saba. Lakini wa mti unaruhusiwa, hata ukitengenezwa nyumbani. Nikamwambia, mama, una mti, una mikono. Jaribu.”

Upinde wa kwanza ulikamilika siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri. Mama Shoka alichukua gogo lililokauka chini ya banda kwa miaka miwili, akalipasua, akalichonga kwa panga na kulitia kamba. Kijiti akavuta. Kamba haijafika hata kifuani, upinde ukalia kwaa! Nusu moja ikaruka juu ya bati.

Sauti ikatoka nyuma ya uzio.

“Mama Kijiti, na chai je?”

“Inywe wewe!”

Fundi Vitanda aliona sasa zamu yake imefika. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna mtu mtaani anayelala chini ya paa asiyelala juu ya mbao zake. “Mke wangu anajua kuvunja mti,” aliliambia gazeti hili huku akinoa randa. “Kuujenga ni fani nyingine.”

Akajenga. Upinde wa pili aliupiga randa pande zote, akaupitisha msasa, akaupaka vanishi mara mbili. Upinde uling’aa kiasi kwamba mtu angeweza kuchania nywele humo. Ulikuwa mzuri kama mguu wa kitanda cha bibi harusi, na kusema kweli ulifanana nao sana.

Ulivunjika mvuto wa nne.

Mama Shoka aliokota kipande na kukipitishia kidole. Mtu aliyepasua kuni kila siku kwa miaka kumi na tisa anazijua nyuzi za mti kama mwingine anavyoijua njia ya kwao. “Njoo uone, baba,” alimwita mumewe. “Uzi huu unaanzia hapa, halafu unaishia hewani. Umeukata kwa randa. Na huu, na huu.”

Kosa lenyewe ni hili. Upande wa upinde unaoitazama shabaha huitwa mgongo, na ndio unaotanuka kamba inapovutwa. Nyuzi zikikatwa hapo, mgongo unafunguka. Fundi wa mbao huulazimisha mti ufuate rula. Mpasua kuni hupita njia aliyoionyesha mti mwenyewe.

“Siku ile sikula kwa aibu,” alikiri Fundi Vitanda.

“Alikula sahani mbili,” alisema mkewe.

Upinde wa tatu ulipasuliwa kwa kabari, taratibu, na mgongo haukuguswa ila kuvuliwa gome tu. Hapo mambo yakaanza kutia moyo. Tatizo ni kwamba mkono mmoja wa upinde ulipinda kama kiwiko, na mwingine ukakaa wima kama mgeni aliyekosewa heshima. Mama Shoka akaufuata huo mgumu kwa panga. Mapigo matatu, basi. Yalikuwa mawili zaidi ya yaliyotakiwa. Sehemu ile ikawa nyembamba, na upinde ukakatikia palepale.

Zilibaki siku kumi. Kijiti aliweka mshale chini.

“Mama, basi. Mwambie mwalimu anifute.”

“Akufute una doa?”

“Mama, umeacha kuuza kuni kwa ajili yangu. Mwenye tanuri ameanza kununua kwingine. Basi.”

Mama Shoka alikaa juu ya gogo, vipande viwili vya upinde mapajani, kwa muda ambao kwa kawaida yeye hupasua matita matano. Kisha akainuka, akamkabidhi mumewe shoka na panga.

“Kayafungie. Nikiyaomba, usinipe, hata nikikulilia.”

Baadaye alieleza kilichomjia pale. “Kazi yangu miaka yote ni kutafuta mahali mti unapotaka kufunguka. Ukipajua, pigo moja linatosha. Sasa nikajisemea, mjinga wewe, kazi hii ni kinyume chake. Tafuta mahali mti unapokataa kupinda, hapo ndipo pa kukwangua. Panapopinda tayari, pasalimie upite.”

Upinde wa nne, uliopasuliwa kwa kabari kama wa tatu, haukuonja chuma tena tangu uliposhika umbo. Mama Shoka aliukwangua tumbo, yaani upande unaomtazama mvutaji, kwa kipande cha kioo cha dirisha lililovunjika. Unga uliotoka ulikuwa laini kama wa kuoka. Fundi Vitanda, ambaye sasa alikuwa mpole kama mkwe mpya, alisimamisha nguzo ukutani. Upinde ulilazwa juu yake, na kamba ikapitishwa kwenye kapi chini ili mtu auvute akiwa hatua sita mbali na kuona jinsi unavyopinda. Ukutani nyuma yake akachora mistari ya mkaa ili ncha mbili zilinganishwe.

Kijiti alivuta, mama akatazama kwa jicho moja. Akatia alama ya mkaa penye ugumu. Mikwaruzo kumi ya kioo, mivuto thelathini ya kamba, kisha kutazama tena. Wiki ile mwenye tanuri alikuja mwenyewe kuulizia kuni, akaambiwa aende kwa mwingine. Aliondoka akitikisa kichwa, akamwambia mwandishi wetu mlangoni, “Huyu mama amerogwa na fimbo.”

“Wa kushoto bado mgumu,” Mama Shoka alisema siku ya nne.

“Wa kulia ndio mgumu,” alisema mumewe.

“Baba, ninayetazama ni mimi.”

“Na niliyepima ni mimi.”

“Kapime kitanda.”

Siku ya saba mikono miwili ilipinda sawasawa, kama nyusi za mtu mmoja. Mwalimu alileta mizani ya kuning’iniza. Kilo kumi na tatu, uzito uleule aliouzoea Kijiti. Binti akauchukua, akavuta hadi kidevuni, akatulia hapo. Hakuna aliyethubutu kupiga chafya. Akaachia. Mshale ukaenda kukita kwenye gunia la unga wa mbao, na upinde ukabaki mzima.

Mama Shoka akacheka hadi akakaa chini. Fundi Vitanda akamshika mkono kumwinua, naye akavutwa, wakakaa chini wote wawili.

Asubuhi ya mashindano, mabinti kumi na wanane walijipanga uwanjani na pinde za dukani zenye rangi zote za pipi. Kijiti akatoa wake katika gunia la kuni. Mtazamaji mmoja alishindwa kujizuia.

“Hiyo ni fimbo ya kuchungia?”

“Ndiyo,” alijibu Mama Shoka. “Tunachunga wenye midomo.”

Mishale thelathini na sita, hatua ishirini na tano kutoka kwenye shabaha. Mwanzoni Kijiti alikuwa wa tisa. Baada ya nusu ya mishale akawa wa tano, na yule mtazamaji akasogea karibu, safari hii bila neno. Ilipobaki mishale mitatu alikuwa wa tatu, pointi moja nyuma ya wa pili. Wa tatu hapelekwi popote.

Mshale wa kwanza, tisa. Wa pili, tisa.

Alipovuta wa mwisho, upinde ukatoa mlio mdogo. Kii. Mwalimu akashika kichwa. Fundi Vitanda akashika ukingo wa benchi. Mama Shoka peke yake hakutikisika, kwa sababu kama kuna sauti anayoijua duniani ni ya mti unaotaka kupasuka, na ile haikuwa hiyo.

“Ni kamba inajikaza,” alisema kwa sauti ya kawaida. “Vuta, mwanangu. Mti umelala usingizi.”

Kijiti akavuta, akaachia. Kumi.

Alimaliza wa pili, pointi mbili mbele ya wa tatu. Mwamuzi aliuomba upinde ule, akaugeuzageuza, akauliza ni wa kiwanda gani. “Wa nyuma ya nyumba,” alijibu Mama Shoka, meno yote nje. Kijiti aliruka mgongoni kwa mama yake kama mtoto wa miaka mitatu, na mama akambeba uwanja mzima.

Sasa binti yuko kambini. Uani kwao kuna magogo sita yaliyotiwa alama ya chokaa, maana yake si ya kuuzwa. Walimu wa shule mbili wamekwishakuja kuulizia, na Mama Shoka ana mpango wa kujenga kibanda kidogo cha pinde karibu na rundo la kuni.

“Kuni nitapasua, ndizo zinazotulisha,” anasema. “Lakini mwaka kesho nataka kuona uwanjani pinde kumi za mkono wangu. Na wasichana wanaotaka kujifunza waje, niwafundishe kwanza kukaa kimya mbele ya mti. Fundi Vitanda nimemwajiri. Atasimamisha nguzo.”

Juzi mwandishi wa makala haya alikwenda kuisomea familia rasimu yake ili kila mmoja ahakikishe maneno yake. Akasoma mpaka mwisho, uliosema hivi: “Mshale wa mwisho ulipotoka, mwandishi wetu alikuwa amesimama mstari wa mbele, macho kwenye shabaha, bila shaka hata chembe.”

“Hebu rudia hapo,” alisema Fundi Vitanda.

Akarudia.

“Mstari wa mbele wa wapi? Si ulikuwa nyuma yangu, umefumba macho, unaniuliza, ‘Umevunjika? Baba, umevunjika?’” Akainua mkono wa kulia. Kwapani, mshono wa shati ulikuwa umeachia upana wa kiganja. “Na hapa aliyening’inia ni nani?”