Talaka ya Jukwaani

Ukiniuliza kazi ya meneja wa jukwaa ni nini, nitakwambia ni kugomba. Nagomba na waigizaji wanaokuja wamechelewa, nagomba na anayekula mahamri hali amevaa nguo za mchezo, nagomba na mlinzi wa ukumbi anayezima taa hatujatoka. Meza yangu ya vifaa naitandika karatasi kubwa, kisha nachora umbo la kila kitu mahali pake: kikombe hapa, bakora hapa, leso pale. Ukipapasa gizani ukakuta patupu, ujue kuna mtu wa kugombwa. Watu wa Malindi wananisifu kwa utaratibu wangu, nami siku hizi nikisifiwa naona haya.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mume anayemwacha mkewe katika onyesho la mwisho. Mume aliigizwa na fundi wa mafriji, kijana wa familia iliyotoka upande wa Lamu. Mkewe wa kweli, mke wa ndoa, alikuwa msaidizi wangu huko nyuma ya pazia. Alishona nguo, na wakati wa mazoezi alikaa nami na skripti, mtu akisahau maneno amnong'oneze. Kwa Waislamu talaka haina mzaha. Wako wanaoshika kwamba hata ikitamkwa kwa utani imepita. Kwa hiyo mamake yule msaidizi alitoa sharti tangu mwanzo: mke wa mchezoni asiwe mwanawe. Tukampata mwalimu mmoja wa Kakuyuni, Mkristo kama mimi. Mimi ni Mrabai, nimelelewa kanisani, lakini nimeishi na Waislamu miaka yote na sharti lile nililielewa vizuri sana. Nalisema hili mapema nisije nikajitetea kwamba sikujua.

Basi yule fundi alikuwa na ugonjwa mmoja. Maneno yote aliyashika, ila akifika pale pa "Nimekuacha, rudi kwenu," anakwama. "Nime... nime..." Mkewe anamnong'oneza kutoka nyuma ya pazia, na sote tunaangua kicheko.

"Ulimi wake unakataa, dada," mkewe alikuwa akiniambia, uso umemkunjuka kwa furaha. "Mwache tu."

Mimi nilimgomba yule mume. Nilimwambia akalisemee neno lile kwenye kioo huko kwao mpaka limtoke kama salamu.

Siku ya onyesho, Jumamosi alasiri, ukumbi umejaa hata madirishani watu wamening'inia, simu ikaja kutoka Kakuyuni. Mwalimu yuko zahanati, malaria, ametundikiwa dripu. Mwelekezi wa mchezo akashika kichwa, akasema tuwaambie watu warudi makwao. Mimi nikamgeukia msaidizi wangu, aliyeyajua maneno yote kuliko mwenye kuyasema.

"Vaa," nikamwambia.

"Dada, si unalijua sharti?"

"Huu ni mchezo tu. Mungu hajui mchezo?"

"Na mama yuko ukumbini."

"Vyema! Amwone mwanawe anavyoweza."

Na wakati huo mikono yangu ilikuwa tayari inamfunga leso. Kama wewe unaanza kazi hii na unataka mawaidha yangu, achana na mambo ya meza na karatasi, shika hili: usimwombe mtu jambo huku unamvisha. Hapo humwombi, unamburura. Nilimburura, Mungu anisamehe, kwa sababu sikutaka iambiwe kwamba onyesho langu limevunjika.

Alicheza vizuri ajabu. Lilipofika onyesho la mwisho nilikuwa nyuma ya pazia, kidole kwenye mstari, mdomo tayari kunong'oneza. Fundi akasimama, akamtazama mkewe usoni.

"Nimekuacha. Rudi kwenu."

Hakukwama. Lilimtoka taratibu, sauti ya chini, kama mtu aliyechoka. Halafu bi mkubwa, mamake msaidizi wangu, akasimama katikati ya watu, buibui limemteleza kichwani. "Wallahi amemwacha! Nyote mmesikia! Mwanangu ameachwa!" Tukavuta pazia, na huko nje zogo halikusemeka.

Kesho yake wakaenda kwa sheikhe wao. Sheikhe akawasikiliza wote, akasema mtu huyu alikuwa akisimulia maneno ya mtu mwingine. Hakuna talaka hapa, rudini nyumbani mkalale. Bi mkubwa alinung'unika, lakini alikubali. Fundi akaniletea halua, akacheka, akasema nimekaribia kumrudisha kwenye useja. Lo, nilivyopumua! Nikaila halua ile yote nikijua kwamba yamekwisha.

Juma lililofuata msaidizi wangu akaja tukunje nguo za mchezo. Mwishowe akasimama mbele yangu.

"Dada, nataka kukuuliza. Lile neno, siku ile, ulimnong'oneza?"

Nilijua anachokitaka: niseme neno lile halikumtoka mumewe mwenyewe. Macho yake yalikuwa yananiomba waziwazi. Roho ikaniuma, maana mimi ndiye niliyemweka pale asikie. Kama si mimi, neno lile angelisema mumewe kwa mwalimu wa Kakuyuni, nasi tungecheka.

"Nilimnong'oneza," nikasema. "Alikwama kama kawaida yake. Humjui mumeo?"

Akaitwaa ile leso aliyokuwa ameivaa siku ile, akaikunja pembe kwa pembe, akaiweka mezani, palepale penye umbo lake.

"Ahsante, dada," akasema. "Lakini mimi nilisimama karibu zaidi na pazia kuliko yeye."