Simu ya Marehemu Mume Wangu Ilikuwa Inadai Jibu

Mume wangu aligongwa na lori Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, akivuka barabara kwenda kazini. Saa tano kasorobo nikakabidhiwa vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: saa ya mkononi, kitambulisho cha kazi, na simu.

Simu ilikuwa nzima. Haina hata mkwaruzo.

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni pa mochwari ilipolia mlio mfupi. Nikaitazama.

"5/2. 7.1. Jibu NIMEONA."

Basi. Hakuna salamu, hakuna jina. Namba fupi ambayo haikuhifadhiwa.

Sikuelewa chochote na sikutaka kuelewa. Nikairudisha kwenye mfuko.

Baada ya dakika kumi ikalia tena. Ujumbe ule ule. Mpaka tunafika nyumbani kwa mama mkwe, ulikuwa umerudi mara saba.

Wifi yangu, dada yake marehemu, ana mdomo ambao hata msibani haupumziki. Akaichukua simu, akasoma, macho kodo.

"Nani huyu anayedai kujibiwa kila dakika kumi?"

"Sijui, wifi."

"Hujui? Mimi nakuambia hii ni miadi. Tano ya mwezi wa pili, saa saba na dakika moja. Kaka yangu alikuwa na mtu!"

"Mwezi wa pili umeshapita," mama mkwe akasema huku amelala kwenye mkeka, hata hakufungua macho. "Niache nimlilie mwanangu."

Wifi akaiweka simu chini. Ila mimi neno lile lilikuwa limeshaniingia.

Maana ni kweli. Kwa miaka miwili mume wangu alikuwa akiacha chakula mezani kwa ajili ya simu ile. Anasoma, anasema "samahani mke wangu," anatoka kibarazani, anapiga simu kwa sauti ya chini, anarudi chakula kimepoa. Hata likizo. Hata siku ya harusi ya mdogo wangu. Nikimuuliza anasema kazi.

Kazi gani ya maabara inakufuata harusini?

Ikalia mara ya nane. Hasira ikanipanda. Namba ya siri naijua, ni tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto wetu. Nikafungua, nikaandika: NIMEONA.

Nilitaka nione huyo mwanamke atajibu nini.

Papo hapo: "Asante. Imetumwa."

Asante! Nikaizima sauti, nikaitupa kabatini chini ya mashuka. Nikarudi kukaa kwenye mkeka na wenzangu, nalia. Kulia kwangu sasa kulikuwa na mambo mawili ndani yake, na sikumwambia mtu.

Tulizika Alhamisi asubuhi.

Baada ya mazishi walikuja wenzake wa kazini. Mume wangu alikuwa fundi sanifu wa maabara ya hospitali, wenyewe walimwita Mzee wa Mirija, kwa ile mirija midogo ya damu. Mkuu wao wa maabara ni mama mmoja mfupi, mpole. Akanishika mikono miwili.

"Pole sana, mama. Umepoteza mume, sisi tumepoteza kichwa. Ile programu aliyoiandika ndiyo inayoendesha maabara. Mashine inapima, kompyuta inapeleka majibu wodini yenyewe. Nakuambia, tangu Jumanne imetutunzia heshima. Haijatusumbua hata mara moja. Siku mbili nzima hakuna hata jibu moja baya!"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema labda na mashine inaomboleza.

Mimi sikuwa nasikiliza sana. Nilikuwa nikimtazama kila mwanamke aliyekuja na kundi lile, nikijiuliza ni yupi.

Mwisho nikashindwa. Nikaenda kabatini, nikamvuta mkuu pembeni, karibu na ngazi.

"Naomba uniambie ukweli. Namba hii ni ya nani? Ni mfanyakazi wenu?"

Akavaa miwani. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe zaidi ya mia tano. Wa juu kabisa ulisema: "3/9. 6.9. Jibu NIMEONA."

Niliona damu ikimwondoka usoni.

"Mama," akasema polepole, "hizi zimeanza kuja lini?"

"Tangu Jumanne."

"Mungu wangu. Twende. Njoo na hiyo simu. Usiiache!"

Nikatoka na nguo zangu za msiba, pekupeku, wifi ananiita nyuma: "Unakwenda wapi, wewe? Watu wamejaa!"

Ndani ya gari mkuu alikuwa akiendesha huku ananieleza.

"Wodi ya tatu, kitanda cha tisa. Hiyo sita nukta tisa ni potasiamu kwenye damu. Ikifika hapo moyo unaweza kusimama wakati wowote."

"Sasa kwa nini inaandikiwa simu ya mume wangu?"

"Programu ndiyo inayoandika. Namba ikiwa ya kawaida, inaipeleka wodini yenyewe. Namba ya hatari inaizuia kwanza, maana saa nyingine mgonjwa hana shida, mrija tu umetikiswa vibaya, damu ikaharibika. Lazima mtu apime tena, aridhike, ndipo ajibu kwamba ameona. Akishajibu ndiyo inaondoka."

"Na huyo mtu ni nani?"

"Alikuwa yeye peke yake. Aliniambia siku alipoiweka ile programu. Nikasema sawa. Halafu nikasahau, kwa sababu hajawahi kuchelewa kujibu."

Nikahesabu kichwani.

"Kwa hiyo wazima wamepata majibu yao. Na walio hatarini…"

"Wanasubiri," akasema.

Akapiga simu wodi ya tatu, ameiweka sauti ya wazi.

"Sista, kitanda cha tisa yuko wapi?"

"Oh, mkuu, poleni na msiba! Majibu yake hatujayaona, ila tulisema tusiwasumbue, mmefiwa."

"Yuko wapi?"

"Ameshuka chini, anatembea tembea uani."

"Mkimbilie. Mlaze. Mwite daktari, mfunge mashine ya moyo. Sasa hivi!"

Tulisikia viatu vikikimbia, halafu simu ikakatika.

Sijawahi kuona barabara ndefu kama ile.

Maabarani mirija ilikuwa imepangwa kwenye jokofu, kila mmoja na karatasi yake. Kwenye kompyuta, kila kitu kijani. Zile mia tano zilikuwa za wagonjwa kumi tu, zinajirudia. Mkuu alipima mrija mmoja mmoja upya. Akiridhika ananiambia, "Jibu." Mimi naandika NIMEONA. Miwili ilikuwa imeharibika, akaitupa na kuagiza damu nyingine.

Kitanda cha tisa walimwahi. Alikuwa ameanza kuishiwa nguvu za miguu kwenye ngazi.

Tulipomaliza, mkuu akafungua orodha ya kumbukumbu. Akasimama ghafla.

"Hii nini? Jumanne, saa sita na dakika tano. Tano, mbili. Imehakikiwa na…" Akasoma jina la mume wangu. "Saa sita alikuwa mochwari."

"Ni mimi," nikasema. "Nilijibu kwa hasira. Nilidhani ni mwanamke."

Hakucheka. Akapiga simu wodi ya tano. Kitanda cha pili walipata majibu Jumanne mchana, wakamtibu ndani ya nusu saa. Kesho, Ijumaa, ndiyo ilikuwa siku yake ya kurudi nyumbani.

Wivu wangu ndio uliomponya.

Mkuu akakaa kwenye stuli. "Usijisifu, mama. Mrija ule haukupimwa tena. Kama ungekuwa kati ya ile miwili, dawa waliyompa ingemuua. Ni bahati tupu."

Sikujisifu. Wiki mbili baadaye aliniambia kwamba kati ya wale kumi, mmoja alifariki Jumatano jioni. Nikamuuliza ni kitanda gani. Akakataa kunitajia. Nikamuuliza kama jibu lingewahi, angepona? Akasema daktari hajui.

Mume wangu alikuwa mtu mwema na mwenye akili, na bado alikosea. Alijenga kitu kinachofanya kazi vizuri kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kwamba katikati yake kuna mtu, na mtu anakufa. Na wauguzi walituheshimu vibaya. Kama kuna kazi unaifanya peke yako, leo hii mwonyeshe mwenzako. Na ukiona jibu halijaja, uliza, hata kama wenyewe wamefiwa.

Siku hizi programu inaandikia watu watatu wa zamu kwa pamoja, na wasipojibu ndani ya dakika kumi inaita simu ya wodini. Namba ya mume wangu waliifuta Ijumaa, kesho yake ya mazishi, saa tano asubuhi. Nilikuwepo.